Je, Wajua? Nusu, Robo na Theluthi: Makundi Yasiyo na Mwisho

Msimu wa kahawa ukifika Karagwe na Kyerwa, sehemu za namba hutamkwa kutwa nzima. Robo tatu ya debe. Kilo kumi na mbili na nusu. Theluthi ya fedha za mauzo. Kuanzia mizani ya vyama vya msingi kule Nkwenda na Kaisho hadi maduka ya Kayanga na Omurushaka, hakuna anayezishangaa. Wanahisabati wamezishangaa kwa zaidi ya miaka mia moja, na mengi kati ya waliyoyagundua yanaweza kufuatwa na mtu yeyote aliyemaliza darasa la saba na ambaye bado anakumbuka KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika.

Tuweke wazi maneno mawili kwanza. Namba zinazoandikika kama sehemu, juu namba kamili na chini namba kamili isiyo sifuri, huitwa namba wiani. Kundi ni mkusanyiko ambamo ukijumlisha wanachama wawili unapata mwanachama mwingine wa humo humo, sifuri imo, na kila mwanachama ana hasi yake. Badala ya kujumlisha unaweza kuzidisha. Hapo moja inashika nafasi ya sifuri, na kila mwanachama anakuwa na kinyume chake, kama 2/3 na 3/2. Basi, masharti ni hayo tu.

Je, wajua kuwa saa sita mchana ya Karagwe si saa sita ya jua?

Saa za Tanzania zinafuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Karagwe na Kyerwa ziko karibu na nyuzi 31. Tofauti ni nyuzi 14. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo kila nyuzi moja ni dakika 4, na nyuzi 14 ni dakika 56. Jua linafika juu kabisa Kayanga wakati saa ya mkononi, kwa wastani, inasoma saa sita na dakika 56. Katikati ya Februari huchelewa zaidi, mpaka karibu saa saba na dakika kumi. Mwanzoni mwa Novemba huwahi, karibu saa sita na dakika arobaini. Mtwara iko mashariki zaidi kwa nyuzi kama tisa, hivyo mchana wake halisi unatangulia wa Karagwe kwa zaidi ya nusu saa, ingawa saa zote mbili zinasoma sawa.

Hesabu hii imefanywa ndani ya kundi. Tunajumlisha sehemu za mzunguko, na kila mzunguko mzima unapokamilika tunautupa. Saa nane mchana ukiongeza saa kumi na moja hupati saa kumi na tisa; unapata saa saba usiku. Chukua sasa sehemu zote zinazowezekana za mzunguko, si za kumi na mbili wala za sitini tu bali za mia saba na tatu, za milioni, zozote zile, na uzijumlishe kwa kanuni hiyo hiyo. Umepata moja ya makundi mazuri kuliko yote katika hisabati; tuliite kundi la saa. Lina wanachama wasio na idadi, na bado kila mmoja wao, ukimjumlisha na nafsi yake mara za kutosha, anarudi sifuri. Sehemu 5/12 inarudi baada ya mara 12. Sehemu 17/703 inarudi baada ya mara 703. Na kwa kila namba kamili chanya, iwe 12, 60 au 703, ndani yake mna kundi dogo moja tu lenye wanachama wa idadi hiyo. Si mawili, wala hakuna inayokosa.

Je, wajua kuwa dakika moja inaweza kujengwa kwa robo, theluthi na sehemu za tano?

Jumlisha robo tatu ya saa, theluthi mbili za saa na tatu za tano za saa: dakika 45, dakika 40, dakika 36. Jumla ni dakika 121. Tupa saa mbili nzima. Inabaki dakika moja kamili. Si bahati. Sitini ni 4 mara 3 mara 5, na kila sehemu ya sitini inavunjika kuwa kipande cha robo, kipande cha theluthi na kipande cha tano, kwa njia moja tu ukishatupa mizunguko mizima. Kundi lote la saa linavunjika hivyo: fungu la sehemu ambazo namba yake ya chini imejengwa kwa 2 peke yake (nusu, robo, thumni na kuendelea), fungu la 3, fungu la 5, fungu la 7, fungu moja kwa kila namba tasa. Namba tasa, zile zisizogawanyika isipokuwa kwa moja na kwa zenyewe, ndizo zenye kauli ya mwisho katika habari hii yote.

Mafungu hayo yanaitwa kwa jina la Heinz Prüfer, Mjerumani aliyezaliwa 1896 na kufariki 1934 akiwa na miaka 37. Tazama fungu la 2 kwa karibu. Tuseme una kundi dogo ndani yake na ndani ya hilo dogo yumo 3/8. Mjumlishe mara tatu: 9/8. Tupa moja nzima: 1/8. Basi sehemu zote za nane zimo. Kwa njia hiyo hiyo, ukimpata mwanachama yeyote mwenye 64 chini, za sitini na nne zote zimo. Ukimpata mwenye 1024, hali kadhalika. Kwa hiyo kundi dogo lina njia mbili tu: ama linakoma mahali fulani na kuwa na wanachama wa kuhesabika, ama halikomi na linakuwa fungu zima. Hapa ndipo mtu anapopaswa kutulia kidogo. Fungu lenyewe halina mwisho, lakini kila kundi lililo dogo kuliko hilo, hata likuzwe vipi, lina mwisho.

Je, wajua kuwa Wajerumani waliiondoa thumni ya thumni na kuleta khumsi, yaani sehemu ya tano?

Karagwe ilipokuwa chini ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 mfumo ukabadilishwa: rupia moja ikawa heller 100. Kwa aliyegawa mali kwa nusu kwa nusu, 64 ilikuwa namba tamu, kwa sababu ni 2 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara sita. Thumni ya rupia, pesa 8. Thumni ya thumni, pesa moja. Lakini watu watano walioshirikiana rupia moja hawakuweza kugawana sawa. Baada ya 1904 watano walipata heller 20 kila mmoja bila ugomvi, na thumni ikawa heller 12 na nusu, na sarafu ya nusu heller ilitolewa kweli. Ukiendelea kugawa chini ya hapo, sarafu hazipo. Theluthi haikupatikana katika mfumo wowote kati ya hiyo miwili, na haijapatikana hadi leo.

Gawa shilingi 100,000 za kahawa kwa ndugu watatu. Kikokotoo kinaonyesha 33,333.3333333. Iandike namba hiyo karatasini na uizidishe kwa tatu: 99,999.9999999. Kosa si la karani wala la kikokotoo. Namba zenye nukta zinazokoma ni kundi kamili: ukizijumlisha unabaki humo humo, na hasi zake zimo. Ila mlango wake unafunguka kwa 2 na 5 tu, maana kumi ni 2 mara 5. Sehemu ya arobaini inaingia (0.025). Theluthi inabaki nje, na sehemu ya saba nayo inabaki nje, hata uongeze tarakimu ngapi. Watoto wetu wanafundishwa kukadiria hadi nafasi mbili za desimali bila kuambiwa sababu. Sababu ni hiyo, na inastahili kusemwa darasani.

Je, wajua kuwa vipimo viwili ni sawa na kimoja?

Sasa tuache kutupa namba nzima. Tuchukue namba wiani zote kama zilivyo, na hasi zake, na tuzijumlishe. Una chombo cha theluthi mbili za debe na kingine cha robo tatu ya debe. Jaza cha robo tatu, mimina kutoka humo ujaze cha theluthi mbili. Kilichobaki ni 9/12 toa 8/12, yaani 1/12 ya debe kamili. Na ukiwa na 1/12, unaweza kuvipima vyote viwili: mara nane unapata theluthi mbili, mara tisa unapata robo tatu. Kwa hiyo vyombo viwili vilikuwa sawa na kimoja kidogo. Hali ni hiyo kwa vyombo vitatu, kumi au elfu: idadi yoyote yenye mwisho ya namba wiani inaweza kuzalishwa na namba wiani moja.

Waislamu wa mwambao na wa bara wamelitumia jambo hili kwa karne nyingi katika mirathi. Mafungu yaliyotajwa ni sita: 1/2, 1/4, 1/8, 2/3, 1/3 na 1/6. Yote sita yanazalishwa na 1/24, ndiyo maana anayegawa mara nyingi huanza na hisa 24. Kuna kisa mashuhuri cha mke, mabinti wawili, baba na mama wa marehemu: hisa 3, 16, 4 na 4. Jumla ni 27, inazidi 24. Mafakihi wengi walikata shauri mali igawanywe hisa 27, na thumni ya mke ikawa tusui, yaani sehemu ya tisa.

Lakini je, kipo chombo kimoja kidogo kinachotosha namba wiani zote? Hakipo. Ukileta 1/24, nitakuuliza 1/5. Ukileta 1/120, nitakuuliza 1/7. Namba tasa hazimaliziki, hata ile moja tu ya 2 haimaliziki ukiizidisha kwa nafsi yake. Kundi la namba wiani haliwezi kuzalishwa na wanachama wenye idadi yenye mwisho.

Na hapa kuna jambo ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote. Chukua vipimo hivi: 1, nusu, 1/6, 1/24, 1/120, kila kimoja kikigawanywa kwa namba inayofuata bila kukoma. Vyote kwa pamoja vinazalisha kila namba wiani. Ondoa nusu. Hakuna kilichopotea, kwa sababu 1/6 mara tatu inairudisha. Ondoa milioni vya kwanza. Vilivyobaki vinatosha bado. Na hili si la orodha hii peke yake. Kwa orodha yoyote inayozalisha namba wiani zote, mwanachama yeyote mmoja anaweza kuondolewa na kazi ikaendelea. Hakuna hata mmoja asiyeweza kukosekana, na hata hivyo huwezi kuwaondoa wote.

Je, wajua kuwa mfupa wenye 11, 13, 17 na 19 uliokotwa jirani?

Kutoka mipaka ya Kyerwa hadi Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward mashariki ya Kongo, ni chini ya kilomita 250 kwa mstari ulionyooka. Huko mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye alama za kuchanja zenye umri wa miaka ipatayo 20,000. Uko Brussels leo. Katika safu moja alama zimepangwa 11, 13, 17, 19: namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, jumla 60. Safu nyingine ina 11, 21, 19 na 9, nayo jumla yake ni 60. Mtafiti Alexander Marshack aliona humo hesabu ya siku za mwezi. Kwangu mimi, kusema mchongaji alizijua namba tasa ni kuvuka ushahidi. Safu moja haitoshi. Lakini kwamba mtu wa maziwa haya alihesabu kwa makini na kuweka kumbukumbu, hilo liko wazi.

Namba tasa zinafanya kazi yake kubwa tunapozidisha. Chukua 45/28. Juu ni 3 mara 3 mara 5, chini ni 2 mara 2 mara 7. Iandike hivi: 2 hasi mbili, 3 chanya mbili, 5 chanya moja, 7 hasi moja. Kila namba wiani chanya ina orodha yake ya namna hiyo, moja tu. Na kuzidisha namba mbili ni kujumlisha orodha zake, safu kwa safu. Kwa hiyo namba wiani chanya, zikizidishwa, ni sawa kimuundo na semi za aljebra kama 3 + 2x − x² zenye namba kamili, zikijumlishwa. Vitu viwili ambavyo shuleni vinafundishwa katika sura tofauti kabisa ni kundi moja.

Tena, kundi hilo ni sawa na mapacha wake wawili wakiunganishwa. Wape namba tasa nafasi: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zenye nafasi witiri ziende upande huu, zenye nafasi shufwa upande ule. Kila upande una namba tasa zisizo na mwisho, kwa hiyo kila upande ni nakala ya kundi zima.

Usidhani basi kwamba kujumlisha na kuzidisha ni mamoja. Katika kujumlisha, namba wiani yoyote ina nusu yake, theluthi yake na sehemu yake ya mia. Katika kuzidisha, 2 haina kipeuo cha pili miongoni mwa namba wiani. Makundi yenye sifa ile ya kwanza, kwamba kila mwanachama anagawanyika kwa kila namba, yanajulikana yote, mradi kujumlisha kwake kusijali nani ametangulia: kila moja limejengwa kwa nakala za namba wiani na mafungu ya Prüfer, basi. Hata namba halisi zote, pamoja na pai na kipeuo cha 2, kwa upande wa kujumlisha ni nakala nyingi mno za namba wiani zilizowekwa pamoja.

Je, wajua kuwa makundi ya mfululizo mmoja yanafahamika yote, na ya jozi yanawachosha mabingwa?

Mwaka 1937 Reinhold Baer, aliyezaliwa Berlin na kuondoka Ujerumani Wanazi waliposhika madaraka, alieleza makundi yote yaliyomo ndani ya namba wiani. Njia yake: kwa kila namba tasa uliza, mwanachama fulani anagawanyika nayo mara ngapi? Mara sifuri, mara tatu, bila kikomo? Andika majibu kwa mfululizo. Makundi mawili ni sawa kimuundo endapo mifululizo yao inatofautiana mahali pachache tu, na kwa kiasi chenye mwisho. Kundi linaloruhusu nusu lakini si robo ni sawa na namba kamili. Zidisha kila kitu kwa mbili, umemaliza. Linaloruhusu 1/2, 1/3, 1/5, 1/7 na tasa zote mara moja moja ni jingine kabisa, kwa sababu tofauti ziko mahali pasipo na mwisho. Aina hizo ni nyingi kiasi kwamba haziwezi kupangwa kwenye orodha ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Ukitoka kwenye namba moja moja kwenda kwenye jozi, mambo yanaharibika. Bjarni Jónsson alionyesha mwaka 1957 kwamba makundi ya aina hii yanaweza kuvunjwa vipande kwa njia mbili zisizolingana. A. L. S. Corner mwaka 1961 akaenda mbali zaidi: kuna kundi la vipimo vinne, yaani la namba nne nne badala ya jozi, linalovunjika kuwa kipande cha 1 na kipande cha 3, na kundi hilo hilo likivunjika kwa njia nyingine linatoa 2 na 2, na hakuna kipande kinachovunjika tena. Mwaka 2003 Simon Thomas alithibitisha kuwa kila kipimo unachoongeza hufanya kazi ya kuyaainisha kuwa ngumu zaidi ya ile iliyotangulia.

Je, wajua kuwa theluthi inaweza kutoka kwenye nusu tupu?

Sarafu za pesa 64 zilishindwa, lakini kupanga upya kunaweza. Kata mzunguko kwa nusu tu: nusu moja, na nusu ya pili uikate robo mbili. Una vipande vitatu. Peleka nusu mahali pa robo ya kwanza kwa kuibana, robo ya kwanza mahali pa robo ya pili, na robo ya pili uivute ijaze nafasi ya nusu. Fanya hivyo mara tatu: kila nukta imerudi kwao. Umepata tendo la theluthi bila kukata theluthi popote. Mipangilio yote ya namna hii ni kundi alilobuni Richard Thompson mwaka 1965.

Graham Higman alikwisha kuthibitisha mwaka 1961 kwamba namba wiani, ingawa zenyewe hazizalishwi na wanachama wachache, lazima ziwemo ndani ya kundi fulani linaloelezeka kwa alama chache na kanuni chache. Ila mfano wa asili, wa kushikika, haukuwepo. James Belk, James Hyde na Francesco Matucci waliutoa katika makala ya mwaka 2020: kundi la Thompson, mzunguko wake ukinyooshwa kuwa mstari usio na mwisho, lina namba wiani zote ndani yake.

Nawe msomaji, jaribu hili nyumbani na mwanao wa darasa la sita. Una chombo cha 5/6 ya debe na kingine cha 4/9 ya debe, pamoja na pipa. KDS ya 6 na 9 ni 18, na kwa vyombo hivyo viwili tu unaweza kubakiza 1/18 ya debe pipani. Kujaza na kuchota kwa jumla ni mara tatu.